Mama hataki kula peke yake

Mwanahawa ndugu yangu, mama anakufa kwa njaa na chakula kipo!

Baada ya upasuaji wa kumwondolea mfuko wa chakula tumboni, daktari aliagiza ale kidogo kidogo, mara nyingi, hasa mayai. Leo vipimo vimeonyesha protini imeshuka mno. Ndiyo maana miguu imevimba.

Kumbe mayai anawapa wajukuu. Yote, Mwanahawa. Yote!

Nikamuuliza kwa nini. "Mwanangu, mtu mzima nitafune peke yangu kutwa nzima, watoto wananitazama? Huo ni uchoyo."

Nikamwambia hiyo ni dawa. "Dawa gani inatiwa chumvi?"

Daktari anataka kumlisha kwa mpira wa puani kesho. Mama amekataa.

Nimechemsha mayai ya nyumba nzima. Tumekaa wote mkekani, kila mtu na lake, tunamsubiri aanze.

Bado hajaanza.