Mapacha wa Bahari

Mwanangu Mwanaidi, salamu nyingi. Nisalimie baba yako na kikohozi chake, bibi yako, shangazi Zuhura, na wajukuu zangu Faki na Rehema, uwabusu.

Niko kwa mama yako mdogo, Old Kampala. Juzi tunakula matoke, redio ikasema mwaka huu ni Elnino. Nikaacha kula, nikamfikiria mumeo melini huko bahari ya Amerika. Nilipomweleza jirani yetu mwalimu hofu yangu, akanicheka.

"Mama, Elnino si kimbunga. Ni bahari ingine mbali inapata joto. Iko na pacha, Lanina. Elnino ni kijana, akikuja, upepo wa juu unavunja vimbunga vya kule kwa mukwe wako. Lanina musichana akikuja, vinakuwa vingi, vinapiga inchi kavu."

Nikamuuliza, "Na Nalongo wao nani?" Ndivyo huku wanavyomwita mama wa mapacha.

Nikapumua. Kisha akaongeza kwamba vimbunga hupungua tu, haviishi, na kimoja kikifika bandarini kinatosha kuua. Mwanangu, niandikie upesi, meli ya mumeo iko bandari gani? Nataka nikimwombea nitaje jina la bandari hiyo.

Mama yako akupendaye