Ndege wa Kioo Wanachelewa

Jumanne, 12 Machi

Trela imetoka! Hatimaye!

Nilikuwa dukani, nimeinamia gauni la bibi harusi, sindano mkononi, simu ikatetemeka mapajani. Marsil. Hakusema hata haloo. "Safinaz, imetoka! Acha hicho unachoshona, fungua!" Akakata.

Nikajifungia chooni. Nikaitazama, nikairudia, nikairudia tena, mpaka Madamu Ragaa akagonga mlango kuuliza kama tumbo linaniuma.

Bonde la Kioo. Kitabu chetu. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na moja, nimelala chali kwenye roshani. Nikimaliza sura nampitishia Marsil kwa dirisha la jirani, naye anapiga kelele nisimwambie kinachofuata. Sasa Tamadur ana uso. Uso mzuri mno! Tamadur wetu ni binti wa wachota chumvi, midomo imepasuka, pua imevunjika. Huyu amepakwa wanja.

Ndege hawakuonyeshwa. Kivuli tu, kinapita juu ya mchanga. Alfajiri ile bondeni, ndege wa kioo wanapoamka wote kwa pamoja na jua linapita ndani ya mabawa yao — nimeiona kichwani tangu utoto. Nataka kuiona mbele yangu. Mara moja tu.

Inatoka Idi. Idi!

Nimejigonga tena kwenye mlango wa jikoni. Bega. Mama kasema nitazame ninakokwenda. Nilikuwa natazama.

Jumamosi, 23 Machi

Daktari ni mtu mpole. Heri angekuwa mkali.

Alinifunika jicho, akanipa kitufe nibonyeze kila nikiona nuru. Nikakaa nangoja nuru. Nikadhani mashine imeharibika. Haikuharibika.

Ugonjwa wa kuzaliwa nao. Pembeni kunakufa kwanza, kisha giza linasogea ndani. Penye mwanga mdogo ndiyo basi kabisa. Hakuna dawa. Nikauliza muda gani. Akasema hawezi kunidanganya, wengine huenda nao miaka mingi, wangu una haraka.

Nikauliza swali la kijinga. Kama Idi nitaweza kwenda sinema. Hakucheka. Akaniambia nikae mstari wa mwisho kabisa, ili skrini iwe ndogo, iingie yote pale panapoona. Sisi ambao siku zote tunagombea mbele!

Tulirudi na Mama kwa tramu. Nyumbani akafunga mlango kwanza.

"Usimwambie mtu. Si mama yako mdogo, si Marsil. Nihal anakaribia kuposwa. Wakisikia ni jambo la damu watasema na yeye analo, na watoto wake watakuwa nalo."

Nihal, mdogo wangu, alikuwa chumba cha pili anaimba na redio.

Kisha Mama akasema, kama anaongea na sufuria, kwamba babu yake yeye alikuwa hivyo hivyo. Walisema uzee. Hakuwa mzee.

Jumapili, 14 Aprili

Mkahawani na kundi letu la kitabu. Tumekubaliana kukirudia chote kabla ya Idi, sura kwa sura. Luai kaja na nakala yake iliyofungwa kwa raba. Luai anafundisha jiografia na kubishana.

"Mtaona," alisema. "Watamtia mchumba. Wallahi watamtia mchumba, na wimbo."

"Basi usije," Marsil akamjibu. "Kaa nyumbani ukikumbatie kitabu chako."

"Siji. Nani kasema nakuja?"

"Tangu mwaka jana huji, na kila habari ya filamu wewe ndiye wa kwanza kuileta!"

Tukacheka. Nikanyoosha mkono kuchukua sukari, nikapiga glasi ya chai, ikamwagikia Luai mapajani. Akaruka. "Bibie! Umependa mtu, au? Macho yako yako wapi?"

Wote walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tulipotoka, Marsil akanishika kiwiko kwenye ngazi. Kituoni akauliza. Nikamwambia. Nilimwahidi Mama sitamwambia, nikamwambia. Hakulia, ashukuriwe Mungu. Alitazama reli, halafu akasema, "Basi tutakaa nyuma."

Ijumaa, 17 Mei

Imeahirishwa.

Tangazo limekuja tukiwa tunafuturu. Mwongozaji anasema ndege hawajakamilika, hataki kuwaangusha wapenzi wa kitabu. Tarehe itatangazwa. Lini? Itatangazwa!

Chini ya tangazo watu wamejaa. Wengine wanatukana. Wengine wanaandika mioyo na maua: chukueni muda wenu, hata miaka kumi tutasubiri! Nilianza kuwajibu, nikafuta. Wana macho ya kusubiria.

Nikalia mezani, ndani ya supu ya dengu. Nihal akashangaa. Mama akasema, "Unalia kwa ajili ya sinema? Kwa daktari hukulia."

Halafu naona akaelewa. Akainuka, akabeba sufuria ambayo bado ilikuwa imejaa, akaenda jikoni. Maji ya bomba yakasikika muda mrefu.

Jumatatu, 8 Julai

Madamu Ragaa aliniita nyuma ya pazia. Gauni mkononi. Kifua chote nimeshona shanga za rangi ya maziwa na za rangi ya mchanga pamoja, zimechanganyika kama mchele na dengu. Mteja kaona kabla yake.

Hakunipigia kelele. Ndiyo mbaya. "Safinaz, mwanangu, kuna nini? Wewe ndiye niliyekuwa nakupa hariri."

Nikasema sijalala vizuri. Ameniweka kwenye pasi. Kwa muda, amesema.

Nimepiga pasi siku nzima. Mvuke usoni. Hakuna aliyeniona nikilia.

Filamu — kimya. Hakuna tarehe. Luai anasema labda fedha zimewaishia. Nimejipima nyumbani, nikinyoosha mikono kushoto na kulia na kutikisa vidole. Machi nilikuwa naviona mapema zaidi.

Jumatano, 18 Septemba

Marsil kamwambia Luai. Kamwambia!

Nimemkuta kazini kwake, nikamwita msaliti mbele ya wateja. Sikujali. Akaniacha nimalize.

"Binamu yake Luai anafanya kazi studio ya Kairo," akasema. "Ndiko wanakowatengeneza ndege. Ungetaka nikae nimefunga mdomo, tungoje tarehe yao, na wewe unagonga watu barabarani?"

"Siyo siri yako."

"Siyo. Nikasirikie. Lakini nenda ukawaone."

Jioni Luai akapiga simu. Sauti yake ndogo, haina ubishi wowote. Aliomba radhi kwa ile siku ya chai. Nikamwambia nguo zake ndizo zilizolowa, kwa nini aombe yeye. Akasema binamu yake, Dina, anaweza kutuingiza Jumanne. Bila simu, bila kumwambia mtu. Lakini ndege bado. Bado kabisa.

Niwaone wakiwa bado, au nisiwaone? Nimempigia Luai saa hii. Nimesema nakuja.

Jumanne, 24 Septemba

Tumerudi kwa treni. Naandika kabla sijasahau.

Dina ni mwanamke mnene, mchangamfu, kope zimemlegea kwa kukosa usingizi. Chumba kidogo chenye baridi. Akazima taa, na mimi nikapotea papo hapo. Luai akasukuma kiti mpaka kikagusa magoti yangu, ndipo nikajua pa kukaa.

Ndege ni wa kijivu. Hawana manyoya, hawana macho, hawana mwanga. Vitu kama vibao vinaelea. Nyuma yao hakuna bonde, ni kitambaa cha kijani na ngazi ya fundi imesahauliwa pembeni. Ngazi aliniambia Dina. Mimi sikuiona.

Nilichokiona ni yeye. Yule dada mwenye wanja niliyemsema Machi yote. Wanja hakuna. Anatembea peke yake ndani ya ukumbi mtupu, na kila kibao kikipita anakijua, anakikwepa kwa shingo, midomo inatetemeka. Hakuna chochote pale! Anaogopa hewa tupu, na anakwenda. Ni Tamadur. Ni yeye hasa.

"Rangi itakuja mwisho," Dina alisema. "Jua pia. Wakikamilika utalia."

Pembeni yangu mtu alikuwa anavuta kamasi. Luai! Luai wa "watamtia mchumba"!

Kwenye treni alinunua semiti, mikate ya duara yenye ufuta, na jibini, tukala. Nikamuuliza kama sasa atakuja siku ya kwanza. Akatazama nje. Akasema alikuwa anaogopa kuja, kwa sababu baada ya filamu hakutakuwa na kitu cha kungojea. Nikamwambia mimi naogopa kinyume chake. Hakutia neno lolote la kunipoza. Nilimpenda kwa hilo.

Simaanishi hivyo. Au sijui.

Jumapili, 1 Desemba

Tarehe! Alhamisi, tarehe kumi na tisa. Mabango yamepandishwa. Marsil anasema ndege wako juu, wanang'aa. Nilisimama mbele ya bango nikalisoma kipande kipande kama mtu anayefuta dirisha.

Dukani nimewaambia. Nimemwambia Madamu Ragaa mwenyewe, tena kwa jina la ugonjwa. Aliketi. Akaniambia pasi ni yangu maadamu naitaka. Sijui kama naitaka.

Nyumbani ni vita, tangu Nihal aujue ugonjwa wangu. Nihal kavaa pete tangu mwezi wa kumi. Hatim, mchumba wake, ni mtu mwema, mhandisi wa bandarini, mwenye aibu. Leo Nihal akasema, "Mama, nataka kumwambia."

"Baada ya ndoa."

"Na kama nami ninao?"

"Kapime basi! Hutaki kupima, unataka kusema!"

Nihal akaanza kuizungusha pete yake. Kweli, hataki kupima. Simlaumu. Nikasema ningekuwa mimi Hatim ningetaka kujua. Mama akanigeukia. "Wewe huna cha kupoteza, ndiyo maana."

Alipoona alichosema alijishika mdomo. Tukala kila mtu na sahani yake.

Baadaye kaja mlangoni kwangu. Anataka kuja sinema. Mama! Hajafika sinema tangu baba afe.

"Hujasoma hata ukurasa, Mama."

"Nani atakushika kule gizani? Huyo Luai?"

Nihal anamleta Hatim pia. Basi tutajaza mstari wa nyuma.

Alhamisi, 19 Desemba

Mapumziko. Taa zimewaka. Naandika juu ya goti, herufi kubwa, sijali mistari.

Nusu ya kwanza nzuri. Nzuri! Kutoka nyuma skrini inaingia karibu yote, si yote. Watu wanacheka na mimi sijui kimepita nini kushoto. Luai kakaa upande huo. Nilimwambia asininong'oneze kitu mpaka niombe. Hajanong'ona. Mchumba hakuna, wimbo upo, Luai kasamehe. Filamu imekatwa pale pale ukingoni mwa bonde, kabla ya alfajiri. Watu walipiga kelele za hasira ukumbi mzima. Kinachofuata ni ndege.

Halafu hili. Nilitaka kwenda msalani kabla taa hazijazimwa. Nikakataa mkono wa Marsil. Nilitaka kwenda mwenyewe, sijui kwa nini leo. Kwenye njia kuna mwanaume alikuwa amenyoosha miguu. Nikaikanyaga, nikamwangukia, bisi zake zikamwagika.

"Wewe! Huoni?"

Nikafungua mdomo kuomba radhi. Mama akaniwahi. Kasimama, mkoba kifuani, sauti ya sokoni.

"Haoni! Ndiyo, haoni! Binti yangu macho yanamwisha, amekuja kutazama kilichobaki. Wewe uliye na macho mbona hukuvuta miguu yako?"

Mistari mitatu iligeuka. Yule bwana kainuka, kainama kuokota bisi, anasema samahani hajja, samahani. Na nyuma yake, kwenye njia, Hatim. Ana chai mikono yote miwili, alikuwa anatuletea. Kasikia kila neno.

Mama kamwona. Hakufuta neno hata moja. "Na ni jambo la damu," akamwambia, pole pole sasa. "Babu yangu alikuwa nalo. Nihal alitaka kukwambia, mimi ndiye niliyemkataza."

Hatim kasimama na chai. Nihal anatazama sakafu. Mtu akasema jamani tupisheni, Hatim akapisha, akampa Mama glasi moja, nyingine akaishika tu. Kisha akaketi. Kiti chake kile kile, karibu na Nihal. Nikigeuza kichwa naona goti lake na mkono wenye glasi. Nikipandisha macho naona kidevu. Macho yake siyapati, kuna kichwa cha Nihal katikati.

Msalani sikwenda.

Kengele. Watu wanarudi wanakimbia. Luai anauliza, nikamwambia ndiyo, kuanzia sasa niambie ya kushoto. Mama amekaa wima kama mtu aliye hospitali, kiganja chake kimelowa, kiko juu ya changu, kinasumbua kalamu. Ananiuliza huyu msichana atavuka lile bonde au hatavuka.

Nimemwambia kitabuni anavuka.