Jino Lililobaki Nje ya Bima

Papa,

Nakuandikia nimeketi kwenye kiti cha wagonjwa, kwa sababu kiti chako cha kuzunguka kimevunjika mguu na fundi wa hapa mtaani Panda kila siku anasema kesho. Habari nyingine ni hizi: mvua zimeisha, Mama anakula vizuri, umeme unakatika kama ulivyouacha. Juzijuzi kuran ya umeme ilirudi kwa nguvu ikaunguza mashine ya kuchemshia vyombo, pamoja na friji ya jirani. Nikasema basi. Kabine yetu, kliniki hii ya meno uliyoniachia, itapata bima.

Najua ungecheka. Kila mtu wa asiransi aliyepita hapa kuuza bima ulimjibu vilevile: "Asiransi yangu ni miguu yangu." Ulikuwa na maana ya ile desturi yako. Jino likienda vibaya, ulivua koti jeupe, ukaenda kwa mgonjwa, ukaketi na familia yake ukasema, "Ni minye. Nilikosea." Nilipokuwa mwanafunzi nilikuona unajishusha. Daktari mzima! Lakini hakuna aliyewahi kukupeleka mahakamani, hilo sibishi.

Safari hii alikuja kijana anaitwa Trésor, kutoka Lubumbashi, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi letu. Alinieleza vizuri, simlaumu. Iko bima ya moto, ya wizi, ya mashine kuunguzwa na kuran. Na iko ile kubwa zaidi: mgonjwa akiumia mikononi mwa daktari, kampuni ndiyo inayosimama na kulipa. Nilitaka zote. Kabine na nyumba ziko kwenye parsele moja, kiwanja kimoja, Papa. Mtu akitushtaki akashinda, Mama atalala wapi?

Kisha Trésor akaniuliza kama yuko mgonjwa yeyote aliyeumia hapa, awe wangu au wako. 

Hapa inabidi nikuambie jambo ambalo hukulijua. Unamkumbuka Mama Zaina, mke wa Bwana Sefu mwenye duka kule Shituru. Ulimng'oa jino la mwisho, chini kulia, Jumamosi. Jumapili usiku moyo wako ukasimama. Ganzi yake haikutoka. Nusu ya mdomo wa chini imelala mpaka leo. Nimeitazama picha ya eksirei ya jino lake. Mshipa wa fahamu ulikuwa umekaribiana sana na mzizi, unaonekana kabisa, na wewe ukapita hapohapo. Labda ulikuwa tayari mgonjwa na hukusema. Wewe kusema unaumwa, loo, labda ungesemewa na jirani!

Walikuja kwenye kilio chako, mume na mke, wakakaa nasi, hawakutaja kitu. Baadaye wakaendelea kungoja. Bwana Sefu alipopita kutusalimia alisema tu: "Papa yako angekuwa muzima, angekuwa amesha kufika kwetu."

Trésor aliuona uso wangu, akaweka kalamu chini. "Dokta, kama haujue, haujue," alisema, tena kwa wema, yaani niandike sijui, na jino hilo nalo liingie kwenye bima. Akanieleza na sharti lenyewe: ukiwa na bima hiyo, humwambii mgonjwa kwamba kosa ni la kabine. Unaipigia kampuni simu, kampuni ndiyo inaongea. Nikamuuliza, na kwenda kumsalimia? Kusalimia ruhusa, akasema, ila uishie kwenye salamu. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Tia saini, mutoto. Papa yako amesha kwenda. Minye ndiye niko nalala hapa."

Nilikasirika, Papa. Si kwa sababu ya Trésor wala Mama. Nilikukasirikia wewe. Ungechelewa kidogo tu kufa, ungekwenda mwenyewe.

Nilimwomba Trésor anipe siku chache, na Jumapili alasiri nikaenda Shituru. Mama Zaina alikuwa dukani anapima sukari, leso mkononi. Aliniambia shida yake ni chai. Inamchuruzika kidevuni mbele ya wateja bila yeye kuhisi, na wengine wanacheka. Tukaingia ndani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kitaalamu, yakanipotea yote. Nikasema, "Papa alikosea. Picha inaonyesha." Nililia kidogo. Kulitamka jina lako pamoja na neno hilo kuliniuma kuliko kukuzika, na sikutegemea.

Bwana Sefu alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akamwambia mkewe alete kikombe cha mgeni. Mama Zaina akanywa chai mbele yangu, ikachuruzika, akaiacha. Hakuna aliyesema amesamehe. Walisema, "Tumesikia."

Kesho yake nikamweleza Trésor kila kitu. Akashika kichwa: "Ah, Dokta, weye!" Akaenda kuongea na wakubwa wake, akarudi na jibu. Mama hasemi nami tangu jana, anasema na sufuria. Huenda mdomo ule utaamka, mishipa mingine huchelewa. Huenda hautaamka, Bwana Sefu akabadili mawazo, parsele ikaondoka. Naogopa, Papa. Ningependa kukuambia vingine.

Pumzika sasa. Kila Ijumaa, wakitoka kwenye sala, nitakuwa Shituru na pamba yangu, naugusa ule mdomo kuona kama unahisi, mpaka uhisi au mpaka wao wenyewe waniambie nisirudi. Nakuahidi hilo.

Bima tumepata, nimetia saini asubuhi hii. Moto umo, wezi wamo, kuran imo, mikono yangu imo. Wameondoa kitu kimoja tu, na wamekiandika waziwazi: jino la Mama Zaina. Hilo nalibeba mimi.

Binti yako,
Kapinga