Fedha za Macho ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Tunaendelea, kaka. Ukuta wa jikoni nimeupaka chokaa mwenyewe. Shuleni nimeongezewa darasa, ingawa mshahara umebaki ahadi tangu serikali ishindwe kulipa madeni yake.

Nilikuficha jambo. Watu walipoanza kukimbilia benki kutoa akiba zao, Baba, kwa imani yake ya ukarani wa benki wa miaka thelathini, alizibeba fedha ulizotuma za upasuaji wa macho ya Mama, akaenda kuziweka benki mbele ya foleni nzima. "Nyumba ikitikisika, shika nguzo," aliwaambia. Fundi cherehani, jirani yetu, akamjibu, "Angalia, mzee, nguzo isikuangukie!" Jumatatu milango ilifungwa. Sasa kila mtu anapewa kidogo kwa siku, na daktari hataki hundi.

Noti za nchi uliyoko na zetu ni zilezile, ila benki za huko bado zinazitoa. Usitume kwa benki. Njoo nazo mkononi, mwezi huu huu. Daktari anasema tukichelewa zaidi hatakuwa na cha kuokoa.

Jana asubuhi Baba alivaa shati la bluu aende kupanga foleni, na Mama akamwambia, "Baba watoto, hilo jeupe limekupendeza."

"Ahsante, mke wangu," alisema. Kisha akarudi chumbani, akalivua lile la bluu, akavaa jeupe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja.