Wifi, Tumemchunguza Yule Mgombea

Wifi yangu,

Uliondoka bila kuaga, kama ulivyozoea kutoka kanisani kabla ya baraka. Hilo sijakusamehe, na leo sikusamehe. Lakini nina habari, na hapa Texas sina mtu mwingine wa kumwambia asiyenijibu kwa Kiingereza.

Kwanza, binti yako Goreti yupo. Haendi Iowa. Nimeanza na hilo ili usihangaike huko uliko. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Tangu tulipokuzika Goreti amekuwa mtu wa kushtuka. Mume wake Samweli bado anasubiri jibu la ombi lake la hifadhi ya ukimbizi. Na ile sheria ya jimbo iliyotoka mwaka jana, kwamba polisi akikusimamisha barabarani anaweza kukuuliza umeingiaje nchi hii, iliwaingia wote wawili mwilini. Samweli akienda kazini, kwenye ghala kule Mesquite, Goreti haketi mpaka apigiwe simu kwamba amefika. Mimi namwambia keti, mwanamke, kusimama kwako hakuendeshi gari. Haketi.

Kisha ukaja uchaguzi wa mtu wa kutuwakilisha kwenye bunge la jimbo, kule Austin. Wagombea wawili. Mwanamume alisema waziwazi kwamba anaipenda ile sheria na angependa iwe kali zaidi. Sawa, huyo hakujificha, na nyoka unayemwona unapita mbali. Wa pili ni mama mmoja aliyekuwa diwani wa mji wetu. Alikuja kanisani, akala isombe, kisamvu chetu, akaongeza. Wanawake wote wakampenda kwa sababu ya ile sahani. Nikawaambia hata mwizi anakula.

Halafu ikaja sauti kwenye simu, imetumwa na jamaa wa Houston. Ni yule mama, sauti yake kabisa, anasema kwa Kiingereza kwamba wasio na karatasi wakamatwe wote, polisi wa mji wawakabidhi kwa uhamiaji. Goreti alinitafsiria akiwa amesimama jikoni, mkono juu ya jiko ambalo hata hakuliwasha. Tangu uondoke ananiita mimi mama. Akasema, "Mama, wote wawili hawatutaki. Sisi tunaondoka." Iowa kuna binamu wa Samweli kwenye kiwanda cha nyama. Akaanza kuomba maboksi matupu kule hotelini anakofanya kazi. Wajukuu wako wakaambiwa wachague vitu vya kuacha.

Wifi, nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, maana hiyo ilikuwa kazi yako. Nani kwetu aliolewa kabla wewe hujaenda kuchunguza? Kule kambi ya wakimbizi Kigoma mchumba akija na shati la kuazima, wewe humuulizi yeye kitu. Unaenda kwa jirani yake kuomba chumvi, unarudi na habari za ukoo mzima. "Anayeposa haulizwi," ulikuwa unasema, "anaulizwa aliyemsikia akigombana." Hata huyu Samweli ulimfuata mpaka Carrollton, ukajifanya unatafuta mtu wa kukusuka, na nywele zenyewe ulikuwa nazo zipi. Ukarudi ukasema, "Ana hasira, lakini masufuria anaosha." Tukakubali mahari.

Basi nikajiuliza, mgombea jirani yake ni nani? Anagombana wapi?

Goreti akasema madiwani hugombana kwenye baraza lao, na maneno yao yanahifadhiwa ofisi ya mji. Nikasema twende. Akakataa. Alidhani tukiuliza, jina la Samweli litaandikwa mahali. "Mama, sisi si watu wa kwenda kuuliza." Hapo nilimsema vizuri. Nilimwambia mimi niliapa uraia mkono juu, mama yako aliapa pembeni yangu na pressure yake imepanda, na hatukuapa ili tuogope mlango. Nikavaa kitenge cha Krismasi, tukaenda.

Binti wa kaunta hakuuliza tumetoka wapi. Hakuuliza kitambulisho. Hakuuliza tunataka ya nini. Wewe na mimi kule kambini tulikaa foleni tangu alfajiri kwa ajili ya karatasi ya mgao wa mahindi, tukaambiwa rudi kesho. Nilibaki nimeshika pasipoti yangu mkononi na hakuna aliyeitaka. Akasema vikao vyote vimerekodiwa video, na mtu yeyote anaruhusiwa kuangalia, akatuonyesha namna ya kuvipata. "Ni vyenu," akasema. Goreti alilazimika kunitafsiria mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikukubali.

Tukakaa maktaba. Vikao vyao, maskini, ni vya mitaro na mbwa. Nililala kwenye mitaro. Goreti akanipiga kiwiko: ndiye. Mama yule yule, maneno yale yale ya kwenye simu. Goreti akatoa sauti ndogo, akataka kufunga kompyuta. Nikamshika mkono. Maana yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, wifi, na mtu anayegombana haangalii chini. Alikuwa anasoma.

Alikuwa anasoma barua ya mkazi mmoja aliyeliandikia baraza. Alipomaliza akavua miwani. Goreti alitafsiri mbio mpaka akachanganya Kirundi: anasema ameisoma ili wote wasikie kinachosemwa mjini, na yeye anaikataa. Anasema polisi ni wa kukamata wezi, si wa kumuuliza baba anayekwenda kazini alizaliwa wapi. Kisha wakapiga kura kama mji wetu ujiunge na miji inayoipinga ile sheria mahakamani. Akainua mkono. Walioinua walikuwa wachache, wakashindwa. Kumbe kuna mtu aliikata sauti ya video hiyo katikati akatusambazia nusu.

Goreti alilia. Nilimwambia anyamaze, watu wanasoma, lakini na mimi nilitafuta leso.

Sikudanganyi, si malaika. Kikao kingine alikubali bei ya maji ipande, na hilo nitamwambia ana kwa ana. Na mtu mmoja Austin hafuti sheria, wala kesi ya Samweli haiko mikononi mwake. Goreti anajua. Ila kwenye gari alisema, "Kumbe alitutetea na sisi hatumo chumbani." Nyumbani akaketi, akala ugali wote.

Jumapili baada ya misa aliwaonyesha wanawake video nzima. Waliokuwa wametuma ile nusu mpaka Fort Worth niliwasema mmoja mmoja, kwa majina yao ya ubatizo.

Nikapiga kura. Kwenye ile mashine nilisoma jina lake mara tatu kabla ya kubonyeza, usimwambie mtu. Yule mama ameshinda. Maboksi ya Goreti tumejaza nguo zinazowabana watoto, tumezipeleka kanisani.

Nakuahidi nitaendelea kumchunguza huyo mbunge wetu, maana vikao vya Austin navyo vinarekodiwa, na kula isombe yetu hakumfanyi awe ndugu. Na binti yako nitamshika. Anapika chumvi nyingi, anawalaza watoto wakiwa hawajaoga, kila siku nina la kumwambia.

Pumzika, wifi. Ukisikia kelele ni mimi nagombana naye. Ujue bado yupo.