Mto Uliobeba Mawe Meupe

Rumonge, nyuma ya msikiti,
27 Mfunguo Tano, 1330.

Mpendwa mdogo wangu Asmani,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe, wifi yangu Mwanahamisi na watoto wote huko Ujiji. Je, hamjambo? Jino lako limepoa, au bado unawanyima wenzako usingizi? Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mume wangu Amissi ana kikohozi kidogo, lakini chakula hakimshindi.

Barua yako niliipata kwa mabaharia wa meli ya Wadachi. Umeniuliza habari za mvua, milimani kukoje na huku bondeni kukoje, maana unataka kuja na jamaa yako kabla ya Maulidi ujenge kwenye kiwanja cha marehemu baba, pale ukingoni mwa mto Dama, penye michikichi. Umesema nikikujibu kuwa kumekauka, mnafunga mizigo siku hiyohiyo. Basi nisome mpaka mwisho, usirukeruke kama kawaida yako.

Ungeniuliza mwanzoni mwa mwezi ningekuambia njoo. Jua lilikuwa kali, na Dama ilibaki kijito cha kuvuka bila kulowesha magoti. Unakumbuka wanawake tunavyofanya kiangazi hiki kifupi: tunashuka kuanika ndagala, nyinyi huko mnaita dagaa, kwenye mchanga wa mto wenyewe, kwa kuwa ni msafi na unashika joto. Kila asubuhi kabla ya kumwaga vikapu tunautazama mlima. Ukivaa wingu tunarudi nyumbani, ukiwa wazi tunaanika. Ndivyo mama alivyotufundisha, nami ndivyo nilivyomfundisha binti yangu Mwamini.

Jumatatu mlima ulikuwa wazi kabisa. Tukaanika ukingo hadi ukingo. Mwamini alikuwa ng'ambo, kwenye kiwanja cha baba, anaokota chikichi huku mtoto wake yuko mgongoni. Mimi nilisimama majini nasuuza vikapu. Ghafla miguu ikauma kwa baridi. Asmani, maji ya kwetu unayajua yalivyo vuguvugu! Nikatazama chini, nikaona mawe meupe yanaelea, mengine makubwa kama mayai ya njiwa, yanapita katikati ya miguu yangu na jua linawaka. Nikaokota moja, likanichoma, likageuka maji mkononi. Nikasema Subhanallah, vikapu nikavisahau. Wenzangu nao wakawa wanayakimbilia huku wanacheka, kila mtu anataka la kwake.

Aliyetuokoa ni mavyaa wangu, mama Inabeza, mama yake Amissi. Unamjua, ni mzaliwa wa milimani, Mugamba. Alikuwa amekaa ukingoni akifukuza kunguru. Alipoyaona mawe yale alisimama akapiga ukelele: "Urubura! Urubura! Mutoke mu maji, bana banje, mulima iko inakuja!" Urubura ndiyo mvua ya mawe kwa Kirundi. Tangu niolewe sijawahi kumsikia akipaza sauti. Tukaacha ndagala, tukapanda mbio.

Kumbe mvua ilikuwa imenyesha nyuma ya mlima wa pili, ambao sisi watu wa ufukweni hatuuoni. Hilo ndilo kosa letu: tunatazama uso wa mlima, mgongo wake hatuna habari nao. Maji yalikuja yamesimama wima, mekundu, na magogo, na migomba, na ng'ombe mzima, na juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Ardhi ilitetemeka. Ndagala zote zilirudi ziwani. Sijui kama niliogopa au nilistaajabu, najua tu kwamba mdomo ulikuwa wazi na sikuweza kuufunga. Kumbe tunaishi chini ya kitu kikubwa namna hii, na kila siku tunakipa mgongo!

Hapo nikamkumbuka Mwamini. Maji yalikuwa yanaukata ukingo wa kiwanja cha baba. Mchikichi mmoja ukaanguka, ukafuata mwingine, naye anarudi nyuma, anarudi nyuma, mtoto mgongoni. Nilimwita, lakini kwa ngurumo ile hata mimi mwenyewe sikujisikia. Kisha sikumwona tena. Nililia, mdogo wangu, sikufichi. Mama Inabeza alinikamata kiuno nisijitupe.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Halafu mtu akanyoosha kidole, na nikamwona juu kabisa, kwenye kilima cha njia ya Gatete. Alimfungua mtoto mgongoni akamwinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, nimwone anavyorusha miguu. Nikakaa kwenye matope nikacheka na kulia pamoja. Alivushwa kesho yake, watu wameshikana mikono. Hatukupoteza mtu, alhamdulillahi.

Sasa jibu lako. Kiwanja hakipo. Dama imehama, inapita pale hasa ulipotaka kuweka mlango. Watu wa milimani walioshuka sokoni wanasema maharage yao yamelazwa yote, ila wanapanda upya kwa kuwa udongo umeshiba. Huku bondeni mto umetuachia matope meusi mazuri, na mahindi yatakubali. Mimi kila nikitoka kuswali alfajiri nasimama kwanza kuutazama mlima.

Mwamini anakusalimu sana mjomba wake. Amissi anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Mwambie Mwanahamisi ule ukindu alioagiza nimeshauweka.

Mama Inabeza naye anakusalimu. Nilimwuliza kwa niaba yako kama masika ndiyo yameanza, nipate kukuandikia. Alicheka, akatazama juu. "Bado, mwana wangu. Ile mulima iko inasalimia tu. Mvua yenyewe iko haijakuja."

Basi kaeni hukohuko Ujiji, nakuomba. Mungu awafunike kwa rehema yake na atukutanishe tukiwa wazima, mahali pa juu.

Wako akupendaye, hata ukinuna,
dada yako Batuli