Kirikuu cha Nusu Bei

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimenunua gari. Mie Mbarouk, niliyeachia skuli darasa la saba, Maskati na Mombasa zikamalizia kunisomesha. Kirikuu cheupe, kigari cha mizigo, yadi ya magari ya Zubeir, Gombani. Karatasi kwenye kioo: milioni sita. Kwengine kumi na mbili! Sikuuliza mara mbili. Zubeir yuko kwenye simu na mtu wa Dubai, kanipa mkono hivyo hivyo. "Nimekuuzia." "Nimenunua." Mashahidi wawili, risiti, muhuri. Nimeingia Wambaa kuchukua samaki wa biashara yangu, honi juu. Saada, mke wangu, kauliza ina ila gani. Wanawake na biashara wapi na wapi.

Jumanne, 3 Septemba

Zubeir kapiga simu. Eti ile si bei. Gari ikiwekewa arbuni, malipo ya kwanza, wao hubandika baki kwenye kioo, mteja ajue kilichobaki. Mteja wa gari hii kaweka sita, kisha kapotea. Gari ikarudi mbele, karatasi wakaisahau. Basi niongeze sita au nirudishe.

Nikamwambia, "Sheikh wangu, mie nimenunua gari. Kosa lako sikulinunua."

Kaniita mwizi wa mchana. Nimecheka mpaka simu ikaloa mate.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda Chake, kwa afisa wa haki za mlaji. Binti mdogo, Bi Laila, miwani mikubwa. Nimempa habari za nchi nilizotembea. Hakushtuka. Kasema bei ilibandikwa, mmepeana mikono, umelipa, gari umekabidhiwa – muuzaji hawezi kukurukia leo akuongezee. Kisha kauliza: ulijua kuwa ni kosa?

"Nilijua ni bahati."

"Bwana Mbarouk, hakimu naye atakuuliza hilo hilo."

Nimetoka kifua mbele. Barazani Gombani nimewanunulia wote kahawa na kashata, nikawaigiza Zubeir anavyolia kwenye simu. Rafiki yangu Haroub kaanguka kwenye benchi kwa kicheko.

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya sala Zubeir kanishika mkono mlangoni mwa msikiti. Anatabasamu. "Yameisha, ndugu yangu. Gari yako, halali yako."

Nimeshinda. Lakini mtu aliyepoteza milioni sita hacheki vile. Wafanyabiashara nawajua kwa meno.

Jumapili, 8 Septemba

Nimejua kwa nini alicheka.

Asubuhi kaja mama mmoja wa Kojani, Bi Mwanamize. Kavuka na boti ya mwanzo. Arbuni ni yake, waliiweka yeye na mumewe. Mume akafa. Yeye akakaa eda, ndani, miezi yote ile, na Zubeir alipelekewa habari, akasema hapana neno, gari inakungoja. Juzi eda imekwisha, kaenda na baki yake mkononi. Zubeir kamjibu: gari kaichukua Mbarouk kwa bei ya kosa, sheria iko naye, hasara nimeifidia kwa arbuni yako. Akamwelekeza mpaka nyumba yangu.

Kwa hiyo Zubeir kapata kumi na mbili zake kamili. Nusu kaipata kwangu, nusu kampora mjane.

Bi Mwanamize kaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe ndiwe unayewachekesha watu huko Gombani."

Nikamwambia, "Mama, dai lako liko kwa Zubeir. Mie nimenunua kwa haki." Kila neno kweli. Saada kanitazama kama samaki wa juzi.

Mama kafungua mlango wa gari, kaketi kiti cha mbele, baibui kalikunja magotini. "Nimeketi kwenye nusu yangu."

Ndipo alipo mpaka sasa, alasiri. Saada kampelekea chai na chapati, sahani yangu mie tupu. Majirani wamejaa uani. Wambaa wanapiga simu, samaki wanaoza. Haroub naye kapiga, anacheka: mtoe, Wakili, sheria unayo.

Nimemwendea. "Teremka, mama yangu, kesho twende kwa yule binti wa Chake ukashtaki. Nitakuwa shahidi wako."

"Na ukiulizwa kama ulijua?"

Nimerudi kukaa hapa kizingitini, naandika.

Saada kavaa baibui, kapanda nyuma kwenye bodi, pale panapopakiwa samaki. Kaninyooshea mkono, anataka ufunguo. Kuendesha hajui; ajuaye hapa ni mie tu.